Prosesi ya ruta inakufa kimyakimya: logread, seva ya logi au faili la core?

Kipanga_Njia: Wakuu, naombeni ushauri. Ruta yangu inatumia OpenWrt (mfumo endeshi wa ruta), RAM ni MB 128. Kila baada ya siku mbili tatu tovuti zinagoma kufunguka kwa majina, ila ping ya 8.8.8.8 inapita vizuri. Nikiizima na kuiwasha inatulia. Nashuku dnsmasq, programu ya ruta inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, inaanguka. Kipi kitanionyesha chanzo haraka: logread (amri ya kusoma logi, yaani rekodi za matukio, ndani ya ruta), kupeleka logi kwenye mashine nyingine, au kunasa faili la core (nakala ya kumbukumbu ya programu wakati inaanguka)?

fundi_waya: Mkuu, kwanza acha kuizima! Logi inakaa kwenye RAM, ukichomoa umeme ushahidi wote umekwenda. Ikigoma tena ingia kwenye ruta kwa SSH (kuandika amri kutoka kompyuta nyingine), piga `logread | grep dnsmasq`, kisha `dmesg | tail`, `ps` na `free`. Nakili majibu yote. Baada ya hapo ndipo uiamshe huduma hiyo peke yake: `/etc/init.d/dnsmasq restart`.

Mama_Pakiti: Naunga mkono, ila nafasi ya logread ni ndogo, mistari mipya inafuta ya zamani. Likitokea usiku, asubuhi hukuti kitu. Mimi nachagua seva ya logi, hata kompyuta kuukuu inatosha. Weka anwani yake kwenye mpangilio wa ruta uitwao `log_ip`, bandari 514. Kwa UDP (njia ya kutuma isiyohakikisha kama ujumbe umefika) mistari michache huweza kupotea njiani, lakini iliyofika haifutiki ruta ikizimika.

sufuri_moja: Mimi ni mtu wa core. Ndiyo inayokufikisha kwenye sehemu yenyewe ya kodi iliyovunjika. Ila inafaa pale programu inapojiangusha, yaani signali (ishara ya mfumo kwa programu) namba 11 au 6. Ikiuawa kwa nguvu kwa signali 9 haiachi faili lolote, utasubiri bure. Tena OpenWrt huiandika `/tmp`, ambayo nayo ni RAM, na lazima kwanza uondoe kikomo cha ukubwa wa core. Kwa MB 128 ningeiweka mwisho kabisa.

Kipanga_Njia: Nimerudi. Seva ya logi imenasa, Mama_Pakiti ubarikiwe. Saa 9 usiku kerneli (kiini cha mfumo) imeandika "Out of memory", yaani RAM imeisha, na kwamba imeiua dnsmasq. procd, msimamizi wa huduma za OpenWrt, ikaiamsha baada ya sekunde 5, ikauawa tena, ikaamshwa tena. Kuanguka mara ya sita, procd ikaandika "crash loop" (inaanguka mfululizo) ikaachana nayo. Na saa 9 ndiyo orodha ya kuzuia matangazo inapojisasisha!

fundi_waya: Basi ni hiyo orodha. Inapakuliwa `/tmp`, halafu dnsmasq inaipakia tena kwenye RAM ileile. Chukua iliyo ndogo.

sufuri_moja: Na kerneli ikiua programu kwa sababu RAM imeisha, hutumia signali 9. Core isingekusaidia kitu.

Kipanga_Njia: Nimeweka ndogo. Huu usiku wa nne, na kwenye seva hakuna hata mstari mmoja wa "Out of memory".