Meza kuu siku ya Krismasi: iondolewe au ibaki?

Katibu_Igoma
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Chakula chetu cha Krismasi baada ya ibada kitakuwa cha watu 150, wengi watoto. Mchungaji anataka wazee wa kanisa wahudumu badala ya kukaa meza kuu, na wapo wanaopendekeza tutawadhane miguu pia. Tupangeje isije ikawa maigizo? Na mchele ni kilo ngapi?

Katekista_Bwiru
Amina. Miguu iacheni. Sisi Wakatoliki tunayo Alhamisi Kuu, Wasabato hufanya kabla ya Meza ya Bwana, wanaume kwao na wanawake kwao. Huku kwetu kunawisha mikono kunatosha. Mdogo ndiye humshikia mkubwa jagi na beseni. Siku mzee wa kanisa akimnawisha mtoto wa darasa la pili, hakuna atakayehitaji kufafanuliwa kwa nini Yesu alilazwa horini, Luka 2:7.

Maji: nusu lita kwa mtu, yaani lita 75, ndoo nne za lita 20. Wengi huweka kituo kimoja, na hapo ndipo mambo huharibika. Sekunde 20 kwa kila mtu ni dakika 50 kwa watu 150. Pilau imepoa, watoto wanalia. Wekeni vituo vitatu.

Mchele piga kilo moja kwa watu saba: kilo 22. Nyama kilo 20. Mkipenda samaki, nunueni minofu ya sangara. Sato ni mtamu, lakini miiba yake na watoto wadogo, hapana.

MamaJikoni_Kirumba
Wapishi mmewauliza? Mzee asiyezoea upawa hujaza sahani za mwanzo kama kichuguu, wa nyuma wanaambulia ukoko. Chagueni bakuli moja liwe kipimo, na dogo zaidi kwa watoto. Mvua za Desemba mnazijua: turubai juu ya mafiga, kuni ziingizwe ndani tangu jana yake.

Wapakuaji wale mwisho. Lakini kama kuna hotpoti ya viongozi imefichwa ofisini, msijisumbue na hayo mengine yote.

Mwalimu_wa_Neno
Someni Marko 10:43-44 polepole. Yesu anataja maneno mawili: anayetaka kuwa mkubwa awe mtumishi, anayetaka kuwa wa kwanza awe mtumwa wa wote. Kigiriki ni diakonos, kisha doulos. La kwanza tumeshaligeuza cheo. "Mtumishi" siku hizi hutangulia jina la mtu kwenye bango, na picha kubwa chini yake. La pili hakuna aliyelitaka bangoni. Na hilo la pili ndilo Paulo analolitumia Wafilipi 2:7: "akatwaa namna ya mtumwa".

Kwa hiyo kupakua peke yake mimi sikuamini sana, maana kunapigika picha. Wapeni wazee masufuria wayaoshe. Akina mama walioamka saa kumi alfajiri wakae wale kabla jua halijageuka.

Viti vya meza kuu msivitoe. Wakalie vikongwe, wajawazito na wasioweza kusimama foleni, wapelekewe sahani walipo.

Katibu_Igoma
Diwani amealikwa. Itifaki je?

Katekista_Bwiru
Mpigieni simu mapema, msimshtukize mbele ya watu. Mwambieni kuna jagi lake kituo cha pili. Akikataa, akae na vikongwe, ale zamu yao, na msimtambulishe mara tatu.

MamaJikoni_Kirumba
Masufuria yatiwe maji ya moto mara tu pilau inapoisha. Yakiachwa mpaka hotuba zimalizike, ukoko umeshika, na wazee watayakabidhi kwa mabinti wa kwaya. Nunueni vikwangulio vya chuma sita, sabuni ya unga kilo moja, na aproni za kuwatosha wazee, maana suti ndiyo kisingizio cha kwanza.