Kofia imeshonwa miezi miwili, nyota moja kwa sababu ya forodha. Nimechoka!

Wanajukwaa, salaam. Tangu Ijumaa najiambia nipoe kwanza ndiyo niandike. Sikupoa, basi wacha niseme.

Mimi niko Amu, yaani Lamu, kisiwani. Nauza kofia za mkono, zile za vitobo, kwenye soko moja kubwa la mtandaoni. Jina silitaji, mnaouza huko mtalitambua wenyewe. Washonaji ni mama yangu na shangazi zangu wawili. Kwa asiyeijua kazi hii: mchoro unachorwa kwanza kwenye kitambaa, kisha kitobo kimoja kimoja kinatobolewa na kuzungushiwa uzi mpaka mdomo wake ukaze. Vitobo mamia, na vyote viwe sawa. Mama anashona baada ya alasiri, barazani, palipo na mwanga, na kofia ya mchoro wa kujaa inamchukua miezi miwili. Akimaliza anaigeuza ndani nje na kuipitisha kidole. Akigusa fundo, anafumua.

Sasa sikilizeni nilichoandikiwa na mteja wa Marekani, nakitafsiri: kofia ni nzuri mno, kazi safi kuliko alivyotarajia, lakini imechelewa wiki tano na ametozwa ushuru. Nyota moja.

Moja! Kala pilau, kaisifu, kisha anamzaba kofi mpishi kwa sababu pikipiki iliyomletea ilipata pancha njiani.

Nikamsomea mama. Akaweka sindano chini. "Nyota moya? Kofia ina kasoro gani?" Nikamwambia haina. "Sasa hiyo nyota ni ya nini?" Sikuwa na jibu, nikajifanya simu inaita.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo damu inaponichemka. Nilikuwa na maoni 23, yote nyota tano. Ikaingia hiyo moja, wastani ukawa 4.83. Wiki iliyofuata ikaingia ya pili (nitaieleza), nikashuka hadi 4.68. Soko lenyewe linataka uwe na 4.8 ndiyo likupe beji na kukuweka juu mtu akitafuta. Ili nirudi 4.8 nahitaji nyota tano kumi na tano mfululizo, bila hata moja kuharibika. Washonaji watatu, miezi miwili kwa kofia, kofia 15 ni miezi kumi. Hiyo ni iwapo kila mnunuzi ataacha maoni, na nyinyi mnajua wengi wakishapokea mzigo huwaoni tena. Muuzaji mwenye maoni elfu tano akipigwa nyota moja mbili hata hahisi. Mimi mbili zinanila mwaka mzima.

Na huo ucheleweshaji ni wa nani? Kifurushi cha Marekani kilitoka kwangu Jumatatu, tarehe 18 Agosti 2025. Nilikibeba mwenyewe mpaka gatini, kusi inavuma, nimekifunga nailoni mbili kwa sababu ya rasharasha. Boti mpaka Mokowe, gati la upande wa bara. Pale basi la asubuhi lilikuwa limeshaondoka, kwa hiyo kifurushi kikalala kwa wakala wa basi. Kesho yake Witu, Garsen, Malindi, Mombasa. Kuskaniwa mara ya kwanza, Alhamisi. Basi kwa mashine za soko, kofia "ilitumwa" Alhamisi, na mimi nimeandikwa muuzaji mzembe aliyechelewa siku tatu. Risiti ya wakala ninayo, imeandikwa kwa biki na kupigwa muhuri. Nimeipiga picha nikawatumia. Jibu likaja kwamba mfumo unatambua tu namba ya kufuatilia. Bahari haimo kwenye mfumo.

Halafu yule mteja hakuandikiwa na mimi tarehe ya kufika. Tarehe ile huwekwa na soko lenyewe, kwa makadirio yake, kwa herufi nzito za kijani. Mimi kwenye maelezo nimeandika wiki nne hadi saba. Nani husoma maelezo?

Ushuru nao. Tarehe 29 Agosti 2025 Marekani ilifuta msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800, kwa nchi zote. Posta za nchi chungu nzima zikaacha kwa muda kupokea vifurushi vya kwenda huko kwa sababu hakuna aliyejua nani atoze nini. Kofia yangu ya dola 65 ilikuwa angani au ghalani wakati huo, Mungu ajua. Mimi nilishika kalamu kwenye hiyo amri? Ulaya nako walishafuta zamani msamaha wao wa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwa vitu vya chini ya yuro 22, tangu Julai 2021, na mpaka leo napata mteja wa Ujerumani anayeniuliza mbona nimemwongezea bei.

Fomu ya forodha naijaza kwa haki. Kofia ya pamba, imeshonwa kwa mkono, gramu 120, dola 65. Namba ya forodha ya kofia za kitambaa inaanza na 6505, nimeshaikariri kama namba ya simu ya nyumbani. Na wako wateja wanaonambia niandike "zawadi, dola 10". Wakikamatwa, jina lililo kwenye fomu ni langu. Sifanyi.

Sasa hiyo nyota ya pili. Huyu ndiye aliyeniumiza, kwa sababu si Mzungu. Ni mtu wetu, mtu wa Mombasa aliyehamia Uingereza, ameniandikia kwa Kiswahili kizuri, "shikamoo mama" kede kede nimfikishie mama. Aliitaka kofia kwa harusi ya nduguye. Nikamwambia ndugu yangu, muda hautoshi, usinunue kwa ajili ya harusi. Akasema haidhuru, ikifika baadaye ataivaa Ijumaa. Harusi ikapita. Akafungua kesi ya "sijapokea mzigo". Soko likamrudishia pesa zote kutoka kwenye salio langu, pamoja na nauli ya kifurushi niliyoilipa mimi. Siku sita baadaye namba inaonyesha mzigo umepokelewa na kusainiwa. Nimemwandikia mara tatu. Anaona, kimya. Kofia anayo, pesa anazo, na nyota moja yake bado iko pale ikinitazama.

Mtu anayeijua Mokowe! Aliyewahi kungoja boti pale kwa macho yake!

Wale watakaonambia nitumie kampuni za haraka: nimeuliza bei. Nauli inapita bei ya kofia yenyewe. Na wale watakaonambia niongeze siku za kutayarisha: nimeongeza, nimepelekwa chini zaidi kwenye utafutaji, kwa sababu soko linapenda wanaotuma siku hiyo hiyo. Kutoka Amu, siku hiyo hiyo unafika Mokowe.

Ninachotaka ni kidogo. Nyota zitenganishwe: ya bidhaa peke yake, ya safari peke yake, na hii ya safari isiingie kwenye wastani wangu nikiwa na risiti ya kukabidhi mzigo. Soko linajua kifurushi kilikaa forodha siku ngapi, linaiona kwenye namba ile ile linayonihukumia. Nimewaandikia hivyo. Nikajibiwa na mashine, saa nane usiku, ikinishukuru kwa uvumilivu wangu.

Sasa naomba msaada wa wenye uzoefu, matusi niachieni mimi. Kuna aliyewahi kufutiwa nyota ya ucheleweshaji kwa kutumia risiti ya wakala wa basi? Uliwapelekea wapi, na uliandika maneno gani? Na kesi ikishafungwa kwa faida ya mnunuzi halafu mzigo ukafika, kuna mlango wowote wa kurudi?

Nyongeza: aliyeuliza kama mama anaendelea, ndiyo, yuko kwenye kofia ya Ujerumani nyengine. Ile iliyotangulia leo ni siku ya 41, namba inasema "imeondoka nchini" tangu siku ya tisa. Ikisogea nitarudi hapa kuwaambia.