Kabla ya kumdai Mjerumani, Wachaga tupeleke isale, jani letu la kuombea radhi, Meru kwanza?

Mwana wa Kiboriloni (mleta mada)

Wakuu, salaam. Hii mada imenikaa kooni wiki nzima, naomba tuijadili bila matusi.

Jumamosi nilimpandisha Old Moshi mwenzangu wa kazini, Mmeru wa Usa River. Alitaka kuuona ule mti wa Tsuduni aliponyongewa Mangi Meli, mtawala wetu wa Old Moshi. Nikamsimulia kama tulivyosimuliwa na wazee: Meli aliwapiga Wajerumani Juni 1892, kamanda wao von Bülow akafa hapa hapa, wakarudi Agosti 1893 na jeshi kubwa, wakamshinda, tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga. Wazee wanasema alining'inia saa nyingi kabla ya kukata roho, halafu kichwa kikakatwa kikapelekwa Ujerumani.

Mwenzangu akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, hata hakunitazama: "Siku hiyo walinyongwa watu 19, na Mangi wetu Lobulu alikuwamo. Lakini kwetu bibi akisimulia vita vya Wajerumani, hasemi Wajerumani waliondoka na ng'ombe. Anasema Wachaga."

Nilikosa la kusema. Tukashuka kimya hadi Kiboriloni.

Kwa asiyejua: Oktoba 1896 wapiganaji wa Meru na Arusha waliwaua wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, kule Akeri, pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Kapteni Johannes, ofisa wa Wajerumani, akatoka Moshi kwenda kulipiza. Askari wake walikuwa wachache. Waliojaza safu ni wapiganaji wa Kichaga, maelfu. Nyumba zilichomwa, migomba ikafyekwa, ng'ombe wakaswagwa kuja huku. Yeyote aliyelelewa kwenye kihamba, shamba la ukoo la migomba, anaelewa maana ya kumfyekea mtu migomba. Hapo hujamshinda vita tu, umemnyima chakula, pombe na kivuli kwa mkupuo mmoja.

Sasa sisi kila Machi tunakusanyika, tunadai fuvu la Meli. Ni haki kabisa. Mwaka 2023 Berlin walitangaza matokeo ya vipimo vya vinasaba, wakakuta mafuvu matatu yanayoendana na familia zilizo hai Tanzania, moja likihusishwa na Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo. Mwaka huo huo, Novemba, Rais Steinmeier alikuja Songea akaomba msamaha kwa yale ya Majimaji. Mjerumani angalau ameanza kufungua mdomo.

Hoja yangu: na sisi je? Kwetu mtu akikukosea akaja na jani la isale mkononi, huwezi kumfukuza. Ni lazima umsikilize. Nasema Wachaga, kupitia koo na wazee, tulipeleke hilo jani Meru na Arusha kabla hatujaenda mbali zaidi na Berlin. Nakosea wapi?

Meku wa Kibosho

Kijana, shimbonyi. Nia yako njema ila umeruka foleni. Foleni inaanzia Kibosho.

Februari 1891 Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alipokuja kumvunja Mangi Sina wa Kibosho, nani alimwonyesha njia? Vijana wa Rindi, baba yake Meli huyo mnayemlilia. Rindi ndiye aliyetia mkono mkataba na Wajerumani tangu 1885, kwa sababu alikuwa na ugomvi wake na Sina na alitaka bunduki. Ngome ya Sina ilianguka, na waliosherehekea walikuwa majirani zetu wa ng'ambo ya mto. Miaka miwili baadaye Mjerumani yule yule akawageukia nyie wa Old Moshi, na safari hiyo Marealle wa Marangu ndiye alikuwa upande wake. Kama Marealle ndiye pia aliyempikia Meli majungu hadi kitanzini, hapo wazee wanagawanyika kulingana na unatoka upande gani wa mlima, nami siliingii.

Kwa hiyo huyo "Mchaga" unayemtuma Meru na isale ni nani hasa? Mwaka 1896 Mchaga hakuwapo. Kulikuwa na mtu wa Moshi, mtu wa Kibosho, mtu wa Machame, mtu wa Kilema, kila mmoja na mangi wake, na wa Rombo akizungumza na wa Siha hawaelewani. Mmeru na Mmachame wanasikilizana lugha kuliko Mmachame na Mrombo! Aliyetufunga kwenye furushi moja ni serikali ya mkoloni na vitabu vyake vya kodi, baadaye kahawa na chama cha ushirika cha 1933, na mwishowe Mangi Mkuu wa mlima mzima mwaka 1952. Unataka watu waombe radhi kwa jina ambalo wakati wa kosa halikuwa lao.

Na isale haibebwi na umati, mjukuu wangu. Inabebwa na aliyekosa au mtu wake, kwa jina, mbele ya mashahidi, na pombe ikiwa imeshapikwa.

Mpita Njia, Sakina

Napinga mada kuanzia kichwa cha habari.

Mnapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kamba ya 2 Machi ilikuwa ya nani? Hukumu ilitolewa na nani? Bomu la mzinga lilikuwa la Rindi? Vita vya kunyang'anyana ng'ombe vilikuwapo kabla, hakuna anayebisha, Waarusha na Wachaga walivamiana sana tu. Lakini vita vile vilikuwa na kikomo. Ulivamia, ulivamiwa, mkaoana, maisha yakaendelea. Hakuna mangi aliyewahi kukusanya vichwa vya watu akavipeleka Ulaya vipimwe kwa rula. Mkusanyiko ule wa Berlin una mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki, mengi yakiwa ya Rwanda. Huo ni mfumo, si ugomvi wa majirani.

Halafu fikirieni kidogo hesabu ya mangi wa wakati ule. Umemwona Sina ameanguka, na Kibosho ndiyo ilikuwa na ngome kuliko wote. Umemwona Meli ameshinda mwaka mmoja, mwaka uliofuata amevunjwa. Anakuja Johannes anasema toa vijana 500 twende Meru. Ukikataa, wewe ndiye unayefuata. Wamangi walidhani wanamtumia Mjerumani. Mwaka 1900 Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha wakajikuta kwenye kamba moja na Meli.

Hatari ya hoja yako, mleta mada, ni hii: siku mkikaa mezani na Berlin watakwambia "nyie wenyewe mmekiri, malizaneni kwanza." Umewapa hoja ya bure.

Wa Poli

Mimi Mmeru ndiye mnayemjadili, basi niseme.

Mpita Njia anaongea kama wakili na amesema mengi ya kweli. Ila hesabu ya mangi haimrudishii bibi ng'ombe. Mtu akilazimishwa kuniibia, nitamhurumia, lakini mali yangu nimeiona kwenye zizi lake.

Kwa mleta mada: asante kwa kusema. Wengi wa huko mlimani hata hawajui. Lakini isale bila ng'ombe ni jani tu.

Na niongeze jambo, maana mnazungumza kama Meru ilidhulumiwa mwaka 1896 tu. Mjerumani alipomaliza vita akatuzungushia mashamba ya walowezi chini ya mlima, tukabanwa juu kama kuku kwenye tenga. Mwingereza akayarithi hayo hayo. Novemba 1951 akaja Ngarenanyuki kuhamisha watu wapatao 3,000 ili Wazungu 13 wapate mashamba ya mifugo. Ardhi ile Wameru walikuwa wameinunua tena kwa pesa yao. Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana. Anakumbuka moshi, na anakumbuka chungu cha maharage kilichoachwa jikoni kikiwa bado mekoni. Walipelekwa King'ori, chini, kwenye joto na mbung'o, wakakataa kukaa.

Kirilo Japhet akaenda New York mwaka 1952 kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa. Azimio la kututetea likakosa theluthi mbili ya kura. Lakini mwanasheria aliyekuwa naye, Earle Seaton wa Bermuda, ofisi yake ilikuwa wapi? Moshi. Na kesi za Wachaga alikuwa akizishughulikia yeye huyo. Kwa hiyo mimi si mtu wa kusema Moshi ni adui. Nasema tu kwamba historia yetu na nyie ina daftari lenye kurasa mbili, na mnapenda kusoma mmoja.

Ol-Arusha wa Ilboru

Na sisi je? Maoni yote haya Waarusha tumetajwa mara tatu, zote kwa ajili ya kujaza sentensi.

Lile boma jeupe la Wajerumani mjini, ambalo leo ni makumbusho, wageni wanapiga picha, lilijengwa kwa mikono ya babu zetu kwa kulazimishwa mara tu baada ya vita mnavyovijadili. Mimi napita pale kila siku kwenda kazini. Isale ikiletwa, isiishie Usa River.

Meku wa Kibosho

Huyu wa Ilboru kasema kweli, nami namkubalia. Ila sasa mnaona foleni ilivyo ndefu?

Mwana wa Kiboriloni (mleta mada)

Nimesoma yote.

Mpita Njia, sikubaliani nawe kwenye moja. Berlin hawahitaji ruhusa yetu kuyajua haya, ripoti za Johannes zimeandikwa na maofisa wao wenyewe na idadi ya ng'ombe imo. Wanajua kuliko sisi. Asiyejua ni mtoto wangu, ambaye shuleni anafundishwa "upinzani dhidi ya wakoloni" kana kwamba kila mtu alikuwa upande mmoja.

Meku, hapo kwenye "Mchaga hakuwapo" umenikamata. Nimewaza sana. Lakini jina hilo tunalitumia tukigawana sifa za kahawa na shule. Naona taabu kulivua tunapofika kwenye ng'ombe. Ukoo kwa ukoo basi, kama ulivyosema, wenye majina. Ukoo wangu najua tulikuwa wapi mwaka 1896, kuna mzee alikuwa akijisifia mtamba aliyetoka "kule Meru" na sisi watoto tulicheka bila kuelewa.

Jana nimeteremka kijijini kuwauliza baba wadogo wawili kama wangekubali kwenda. Tulikaa pembeni ya kihamba, penye masale ya mpaka. Mmoja akasema ndiyo, hata mwezi ujao. Mwingine akanywa mbege yake, akafuta mdomo, akauliza hao ng'ombe watatoka zizi la nani.