Picha zipi zinafaa kwenye wasifu wa kutafuta mchumba mtandaoni?

Mwalimu wa Nyegezi:
Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Nimejiunga na programu moja ya kutafuta wachumba na nimekwama kwenye picha. Nilizo nazo ni za harusi ya dada yangu, ambamo nimevaa sare ya kamati na kupambwa mpaka mama mwenyewe akauliza yule ni nani. Za studio, ambazo fundi amezilainisha hadi uso ukabaki bila hata alama yangu ya tetekuwanga. Na selfi za chumbani usiku. Jumamosi nitakwenda Capri Point, hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, na rafiki yangu mwenye simu nzuri. Nipige za namna gani, na zipi kati ya hizi za zamani niziache? Natafuta mume, si watu wa kuchati nao.

Mpigapicha Makoroboi:
Dada, anza na mwanga, kwa maana pozi na nguo huja baadaye. Mwanza iko kama nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, hivyo mchana jua hukaa karibu na utosi na kutia vivuli machoni na chini ya pua, na mtu aliyelala vizuri akaonekana mchovu. Subiri saa 11 na nusu jioni. Jua letu huzama saa 1 kasoro hivi, kwa hiyo muda utawatosha. Pale Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani karibu na Capri Point, naona watu wengi wanayapa mgongo maji yanayong'aa, na kamera, ikipima mwangaza wa ziwa badala ya ngozi yetu, huutoa uso ukiwa giza tupu. Elekeza uso upande wa ziwa, au simama ubavu ukitaka maji yaonekane, na rafiki yako aguse uso wako kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga. Asimame hatua tatu au nne mbali nawe, kwa sababu kamera ikikaribia sana, kama kwenye selfi, hukuza pua na kuyarudisha masikio nyuma. Kile kitufe cha urembo kinachong'arisha ngozi akizime kabisa.

Baba Wawili, Igoma:
Mimi mke wangu nilimpata kwa njia hiyohiyo, kwa hiyo nasema kama mtazamaji. Picha nne au tano zinatosha. Ya kwanza iwe ya uso wako peke yako, bila miwani ya jua. Nyingine ikuonyeshe mwili mzima, na nyingine ukiwa kwenye shughuli unayoipenda kweli, hata kama ni kupara sato jikoni. Za kamati sikushauri, kwani mwanamume akikuta wanawake kumi waliovaa kitenge kimoja hapotezi muda kubahatisha wewe ni yupi. Za studio zifute zote.

Mama Ilemela:
Hapo kwenye studio sikubaliani na Baba Wawili. Ile ambayo haijalainishwa, kama fundi anayo bado, mwombe. Inaonyesha mtu aliyejiandaa, na mwanamume anayetaka kuoa huliona hilo. Linalonipa wasiwasi zaidi ni usalama. Mwanangu, kwa kuwa wewe ni mwalimu, usiweke picha yenye kibao cha shule, kitambulisho cha shingoni wala wanafunzi. Watoto wa watu hawakuomba kuwa kwenye wasifu wako. Usitumie pia picha iliyoko tayari kwenye Facebook yako, maana mtu akiitafuta mtandaoni anaweza kufika kwenye jina lako kamili na ndugu zako wote. Tena simu ikiruhusiwa huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Programu nyingi huifuta taarifa hiyo unapopakia, lakini ukimtumia mtu faili yenyewe kama dokumenti inaweza kubaki, kwa hiyo zima ruhusa ya mahali kwenye kamera kabla hujapiga chochote ukiwa nyumbani.

Mwalimu wa Nyegezi:
Nawashukuru sana. Za harusi nimeziondoa, na fundi wa studio nimempigia. Ila alama ya tetekuwanga iko shavuni kabisa. Nipige picha upande huo au nigeuke?

Mpigapicha Makoroboi:
Piga pande zote mbili, lakini ile ya kwanza iwe ya mbele, alama ionekane. Mtakapokutana ataiona tu, na ni afadhali aliyeiona akaja kuliko aliyeikuta mezani.