Programu za kompyuta mashuleni: tununue kwa grafu ya muuzaji au tudai kura kwanza?

Mleta mada: Wadau, hoja yangu ni hii. Shule isitoe hata senti kununua programu ya kufundishia mpaka iwe imepimwa kwa kura, yaani bahati nasibu: wanafunzi wapigiwe kura, hawa watumie, wale wasubiri, kisha wote wafanye mtihani mmoja uliotungwa na mtu asiye na maslahi.

Nimechoshwa na vikao vya manunuzi. Cha mwisho nilichokaa, muuzaji alituonyesha grafu tamu kweli: waliotumia programu nusu saa kila wiki walipanda. Nikamuuliza, kati ya wote waliofunguliwa akaunti, ni wangapi walifikisha hiyo nusu saa? Akarudi kwenye slaidi ya kwanza.

Anayefikisha muda ni yule ambaye angesoma hata ukimpa kalamu ya risasi. Bunge la Marekani liliwahi kuagiza programu za kusoma na za hesabu zipimwe. Ripoti ya 2007 ilihusu bidhaa 16, shule 132 na walimu 439, na nani atumie programu iliamuliwa kwa bahati nasibu. Alama za darasa lililotumia na lisilotumia hazikupishana kwa kiasi cha kutajika. Peru nao wakagawa kompyuta ndogo kwa watoto. Shule 319 zikafuatiliwa, hesabu na lugha vikabaki palepale.

Mwalimu wa hesabu: Mkuu, Peru usiilete hapa. Kugawa mashine si kufundisha. Tazama programu ya Delhi, India: wanafunzi 619, kura ikapigwa, na baada ya miezi minne na nusu tu walioshinda walikuwa mbele kwa 0.37 ya mkengeuko sanifu katika hesabu. Kwa lugha ya barazani, mtoto wa 50 kati ya 100 anasogea hadi nafasi ya 36 hivi. Si mchezo.

Na sababu naijua kwa macho yangu. Mtoto yuko darasa la nane, mpe nusu ujumlishe na robo tatu, anakuandikia nne ya sita: kajumlisha juu, kajumlisha chini. Mimi ubaoni niko kwenye milinganyo. Programu ile ilimpima kila mtoto kwanza, ikaanza naye pale alipokwama. Mimi na watoto hamsini nitaanza na nani?

Mleta mada: Ahsante kwa kuniunga mkono bila kukusudia! Ulijuaje kwamba Delhi ilifaa? Kwa kura. Ila umeruka kitu: kila kipindi kilikuwa dakika 45 za kompyuta, halafu 45 nyingine na msaidizi wa mwalimu katika kikundi kidogo. Utafiti haukutenganisha kipi kilifanya kazi. Muuzaji atakuuzia nusu ya kwanza na kukunukulia matokeo ya zote mbili.

Mdau wa tatu: Naomba kuingilia. Mnadai ushahidi, mnajua ushahidi wenyewe unafananaje? Mwaka 2019 watafiti wawili walikusanya majaribio makubwa 141 ya kura katika elimu, ya Uingereza na Marekani. Wastani wa faida: 0.06. Yule wa 50 anakuwa wa 48. Mkiweka kizingiti juu hamtanunua chochote, na jaribio likimalizika baada ya miaka mitatu, programu imeshabadilishwa mara kumi. Kwa nini shule isijipime yenyewe? Mkondo A utumie, mkondo B usubiri.

Mleta mada: Hiyo 0.06 hainitishi, mradi bei iendane nayo. Bei ya muujiza kwa faida ya nafasi mbili ndiyo siitaki. Ila mikondo miwili haitoshi, ndugu yangu. Mkondo A ukiwa na mwalimu mkali, utakuwa umempima mwalimu, si programu. Pigeni kura mtoto kwa mtoto, ndani ya darasa lilelile, na mtihani utungwe na shule jirani.

Mwalimu wa hesabu: Sawa. Na mzazi wa aliyekosa akija ofisini asubuhi, nani atamkabili? Wewe au mimi?

Mleta mada: Nipe mimi. Nitamwambia zamu ya mwanawe ni muhula ujao, kama kitu chenyewe kitakuwa kimeonyesha kinafaa.

Mwalimu wa hesabu: Njoo na kiti chako.