Qubes: faili la mteja lifunguliwe na programu gani?

mwanga_kopi (Kigoma)
Wakuu habari za mchana. Nina kiofisi hapa Mwanga, natoa kopi, naskani vyeti, nawajazia watu maombi ya ajira na ya mkopo wa chuo, kwa hiyo siku nzima ni flashi za watu na mapdf ya kila aina. Nimehamia Qubes 4.2, ule mfumo wa kompyuta unaogawa kazi kwenye vyumba vilivyotengana (qube), kwenye laptopu ya RAM gigi 16 kwa sababu vyeti vya watu ni dhamana na sitaki flashi ya huyu ichafue ya yule. Mambo ya VM (ndo hizo qube) nimeyaelewa, flashi inaishia sys-usb, qube ya kushika USB, faili nalifungulia kwenye disposable, qube ya muda inayofutika ikifungwa, safi kabisa. Kinachonisumbua ni programu inayojifungua yenyewe. Kwenye qube ya kazi nimeweka Evince, kisomaji cha PDF, iwe ndo inayofungua na imekubali, ila nikifungua kwenye disposable inakuja Firefox palepale, na Firefox inakula muda mteja kasimama dirishani. Halafu swali la pili, programu zote niziweke templeti moja (ile qube mama ambayo nyingine zinachukua programu zake) au nigawe? Bando la huku mnalijua.

isevya_linux (Tabora)
Mkuu, ulichobadilisha kwenye qube ya kazi kimekaa kwenye home (folda ya mtumiaji) ya qube hiyo tu, faili linaitwa mimeapps.list liko ndani ya .config. Disposable haiangalii huko, yenyewe inazaliwa kutoka default-dvm, qube ambayo ni mfano wa disposable zote za kawaida, na home yake inatoka huko huko. Kwa hiyo washa default-dvm yenyewe, fungua terminali yake, andika

xdg-mime default org.gnome.Evince.desktop application/pdf

halafu uizime. Disposable zitakazofunguka baada ya hapo zitakuja na Evince, ila zilizokuwa wazi tayari hazibadiliki. Hakikisha Evince imo kwenye templeti ambayo default-dvm inaitumia, isipokuwemo hiyo amri haina kazi. Picha nazo hivyo hivyo, image/jpeg na image/png, zipe kitazamio chepesi. Ukitaka qube zote zifuate bila kuzunguka moja moja weka /etc/xdg/mimeapps.list kwenye templeti, ila qube yenye mpangilio wake kwenye home itafuata wa kwake kwanza.

Mama_Cheyo
Kuhusu templeti mimi nasema moja inatosha. Kila templeti inajisasishia kivyake, ukiwa na tatu unavuta vifurushi vilevile mara tatu. Na kama bando ndo shida tumia templeti ya Debian 12 badala ya ile ya Fedora, zote ni Linux, Fedora toleo moja linahudumiwa kama miezi 13 tu halafu unahama, Debian inatulia muda mrefu.

isevya_linux (Tabora)
Mama Cheyo kwenye bando nakubaliana na wewe, ila moja tupu hapana. Programu unapoiweka, maelekezo yake ya usakinishaji yanaendeshwa kwa nguvu za root (mwenye mamlaka yote) ndani ya templeti, na kila qube inayotegemea templeti hiyo inarithi. LibreOffice au Evince kutoka hazina za Debian sina wasiwasi nazo. Ila Zoom au WPS uliyoitoa kwenye tovuti ya watu, hiyo unaitengenezea nakala ya templeti yake, na qube yenye vyeti isiiguse kabisa. Hapo mbili zinatosha.

Na mwanga_kopi, kuna jambo naona ni kubwa kuliko Evince au Firefox. Hiyo disposable inayofungua PDF ya mteja ina mtandao wa nini? Tengeneza dvm ya pili, yaani mfano mwingine wa disposable kama default-dvm, sehemu ya mtandao chagua hakuna, halafu kwenye mipangilio ya qube ya kazi na ya sys-usb, ile tabu ya Advanced, iweke hiyo kuwa disposable yao. PDF ikiwa na ubaya ndani haina pa kupeleka kitu. Ile xdg-mime uirudie kwenye dvm hiyo pia.

mwanga_kopi (Kigoma)
Nimefanya yote, Evince inakuja sasa na mtandao nimekata, asante sana kaka. Imebaki hii, mteja analeta CV ya Word anataka nimrekebishie namba ya simu, nikibadilisha ndani ya disposable si inapotea nikifunga?

Mama_Cheyo
Haipotei mwanangu. Ukichagua Edit (kuhariri kwenye disposable), ukishasevu na kufunga LibreOffice faili lililobadilika linarudi kwenye qube ulikolitoa, disposable ndo inakufa. Ukichagua View (kutazama tu) halirudi. Kwa hiyo vyeti na vitambulisho ni View siku zote, Edit iwe kwa zile CV tu, na usiifunge LibreOffice kabla hujasevu maana hapo hakuna kitu cha kurudisha.