Mzee kaletewa fomu ya kuthibitisha yuko hai, nani asaini hapa Mwanza?

Wakuu habari, baba alifanya kazi Uingereza miaka mingi sasa yuko kwake Kirumba, imekuja fomu ya pensheni ajaze kwamba yu hai na shahidi asaini, la sivyo malipo yanasimama, mkono unamtetemeka mpaka kalamu inachana karatasi, nimsainie mimi?

— Usithubutu mkuu, ndugu haruhusiwi kuwa shahidi. Nenda kwa daktari, wakili au mchungaji, si lazima awe Mwingereza.

— Wahi! Ya mama mdogo ililala kwenye sanduku la posta hela ikakata, nilimuonea huruma sana. Piga kopi kwanza halafu tuma kwa rejista.

— Asanteni, kesho asubuhi nampeleka kwa mchungaji wake.